Ndoo Tupu Ina Mwenyewe

Mhudumu wa benki aliigeuza skrini yake ili nami niione. Ilikuwa asubuhi ya Novemba 2019, mjini Newala, na foleni nyuma yangu ilikuwa imefika nje kwenye ngazi. "Kaka," aliniambia kwa sauti ya chini, "hawa wengine tuwawekee wapi hela zao?"

Nikaangalia. Majina yote yalikuwapo. Kilo zilikuwapo, makato yalikuwapo, kiasi cha kulipwa kilikuwapo, kila kitu kwenye mstari wake. Safu ya mwisho, ya namba za akaunti, ndiyo iliyokuwa na mapengo: namba moja hapa, nafasi tupu nane, namba mbili, kisha nafasi tupu hadi chini ya skrini. Chama chetu kilikuwa na wanachama 412. Wenye akaunti kwenye faili niliyoileta kwa flashi walikuwa 61. Wale 351 waliobaki walikuwa wameokota korosho, wamezianika, wamezipima, zimekwenda ghala kuu, zimenunuliwa mnadani na fedha imeingia. Kwa faili ile, hawakuwa na mahali pa kuipokelea.

Aliyewafuta nilikuwa mimi, jioni iliyotangulia, na nilifanya hivyo nikiamini nawahudumia.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama kila mtu anavyosema, katika kijiji kimoja cha uwandani, juu, upande wa Newala. Kwetu ni Masasi, chini, kwenye vilima vya mawe matupu vinavyosimama peke yake katika nchi tambarare, Mkomaindo na wenzake. Kompyuta nilijifunzia Masasi pia, kwa miezi mitatu, kwenye chumba chenye mashine sita. Nilipopanda Newala kuanza kazi nilidhani nimeajiriwa kuchapa. Ilinichukua misimu miwili kuelewa nimekabidhiwa nini.

Asiyezijua korosho naomba anivumilie kidogo hapa. Tangu msimu wa 2007/08, ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani huku Mtwara, mkulima hamuuzii mnunuzi mkono kwa mkono. Anapeleka mzigo chamani, unapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unapelekwa ghala kuu, chama kikuu kinauuza kwa mnada (kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, kwa Masasi na Mtwara ni MAMCU), mnunuzi analipa, ndipo fedha inateremka hadi chama cha msingi, na karani anaandaa orodha ya malipo kwenda benki. Kwa hiyo kati ya siku ya mizani na siku ya fedha, mkulima hana mkononi ila kipande cha karatasi. Gunia limekwenda, na hata kama angetaka kulirudisha asingelitambua kati ya maelfu. Kilichobaki cha mwaka wake mzima ni mstari mmoja kwenye orodha, na orodha ile inalala kwa karani.

Na mwaka ule watu walikuwa na sababu ya kuziangalia orodha kwa jicho kali. Msimu uliotangulia, wakulima walikataa bei za minada ya mwanzo, na tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya Jeshi la Wananchi yakaja kuzisomba. Kabla ya malipo kulikuwa na uhakiki: jina, shamba, kilo, akaunti, mstari kwa mstari. Wakulima walitoka kwenye msimu ule wakijua uzito wa herufi moja. Wazee ambao hawajawahi kushika kalamu walikuwa wanakuja ofisini kuuliza kama jina lao "limekaa sawa" kwenye mashine.

Sasa nieleze nilichofanya.

Nilikuwa na faili moja la Excel lenye shiti mbili. Ya kwanza niliiita Rejista, yenye wanachama wote na taarifa zao. Ya pili niliiita Marekebisho. Kabla ya msimu, mawakala wetu wa vitongoji walikuwa wamepita na fomu kuuliza nani amebadilisha simu, nani amefungua akaunti mpya, nani ya zamani imefungwa. Aliyekuwa na badiliko aliandikiwa, asiyekuwa nalo aliachiwa nafasi. Nikazichapa fomu zile kwenye shiti ya pili kwa mpangilio uleule wa rejista, mwanachama wa kwanza juu, wa 412 chini. Kazi safi, nilijisifu. Kisha nikaichagua safu nzima ya akaunti kwenye Marekebisho, nikakopi, nikaenda kwenye Rejista, nikapesti juu ya safu ya zamani. Nikahifadhi. Umeme ulikuwa unakatika mara kwa mara, betri ya laptopu ilikuwa imechoka, na mwenyekiti alikuwa ananisubiri tufunge ofisi. Skrini ilikuwa inanionyesha mistari ishirini ya juu, na kwa bahati mbaya kitongoji cha kwanza kwenye orodha ndicho kilichokuwa na mabadiliko mengi. Kilionekana kimejaa.

Kompyuta ilifanya nilichoiagiza. Palipokuwa na namba mpya iliweka namba mpya, na palipokuwa na nafasi tupu iliweka nafasi tupu. Ile nafasi niliyoiacha kwa maana ya "huyu hana jipya, mwacheni alivyo", yenyewe iliichukua kuwa ndiyo taarifa yenyewe, ikaibandika juu ya akaunti ya mtu na kuifuta.

Kutoka benki nilirudi kijijini kwa bodaboda, flashi mfukoni. Nakala ya faili la zamani sikuwa nayo. Kilichotuokoa ni daftari kubwa la jalada gumu la mtunza vitabu wetu, mzee aliyeanza kazi za ushirika kabla sijazaliwa na ambaye hakuwahi kukubali kuacha kuandika kwa mkono. Nilipomweleza hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Njomba, una tochi?" Kwa Kimakonde njomba ni mjomba, na huku kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo, kwa hiyo mzee akimwita kijana hivyo anampa heshima na mzigo kwa pamoja.

Tulikaa usiku mzima. Yeye alisoma, mimi nilichapa, kisha mimi nilisoma na yeye akafuatilia kwa kidole. Chumba kilikuwa na magunia ya katani hadi darini na harufu ya salfa ya msimu uliopita iliyong'ang'ania ukutani. Ilipofika saa nane usiku nikagundua jambo jingine: namba zilizoanza na sifuri Excel ilikuwa inazila sifuri zake za mbele, kwa kuwa ilizichukulia kuwa hesabu. Ikabidi nibadilishe safu nzima isomwe kama maandishi na turudie tangu juu. Mzee aligeuza kurasa hadi ya kwanza, akasafisha koo, akaanza upya kwa sauti ileile.

Hata hivyo malipo yalichelewa siku tisa. Siku tisa zinaonekana chache kwa mtu mwenye mshahara. Kijijini, kwa watu waliokuwa wamesubiri tangu Oktoba, ni madeni ya dukani, ni mtoto aliyerudishwa kutoka shuleni, ni mgonjwa anayesubiri nauli. Mama mmoja alikuja siku ya sita, stakabadhi zake amezifunga kwenye pindo la kanga. Alizifungua moja moja mezani, akazinyoosha kwa kiganja. "Mwanangu, hizi si ndizo mlizonipa?" Nikasema ndizo. "Basi mimi sijapoteza kitu," akasema, akazikunja tena akaondoka. Mwanachama mwingine, mzigo wake wa pili hakuuleta chamani kabisa. Aliuuza kwa kangomba, wale wanaonunua kwa kopo vichochoroni kwa bei ya chini, kwa sababu kangomba hulipa papo hapo. Hasara ile ilikuwa yake, nami ndiye niliyemsukumia.

Januari, msimu ulipopoa, niliteremka Masasi. Karani mmoja wa chama cha huko, dada aliyenizidi umri na uzoefu, alinikalisha mbele ya laptopu yake. Hakuanza na maelezo. Alitengeneza shiti mbili za majina matatu tu, moja imejaa, nyingine ina badiliko moja na nafasi mbili tupu. Akakopi. Kabla ya kupesti, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Alt na V, likafunguka dirisha dogo ambalo sikuwahi kulifungua miaka yote ile. Ni dirisha la kubandika kwa masharti. Sehemu ya chini pana kisanduku cha kutia tiki kinachosema ruka vilivyo vitupu. Akabonyeza B, tiki ikaingia, akabonyeza Enter. Badiliko likaingia mahali pake. Wale wawili wengine wakabaki na namba zao za zamani, hawajaguswa.

Nilikaa kimya kwa muda. Siku tisa za watu 412 zilikuwa zimetegemea tiki ile.

"Sasa usifurahi upesi," dada akaniambia, na hapo ndipo aliponifundisha zaidi ya tiki. Alienda kwenye mojawapo ya nafasi tupu akagusa kitufe cha nafasi mara moja. Kwa macho, kisanduku kilikuwa kitupu vilevile. Akarudia zoezi, na akaunti ya mtu wa pili ikafutika. Kisanduku chenye nafasi iliyochapwa si kitupu mbele ya mashine. Kina kitu, ila kitu hicho hakionekani. Chenye kistari nacho kimejaa. Chenye fomula iliyoambiwa ionyeshe weupe pale isipopata jibu nacho kimejaa, japo kinang'aa kama karatasi mpya. Tiki itavipita vilivyo vitupu kweli tu, vile ambavyo ndani yake hamna kitu chochote.

Akanionyesha na la mwisho, ambalo mpaka leo ndilo naliogopa kuliko yote. Alifuta mstari mmoja kwenye shiti ya kwanza, tuseme mwanachama amefariki na mtu akamwondoa, halafu akapesti safu ileile ya shiti ya pili. Kuanzia mstari ule kwenda chini, kila akaunti iliyopestiwa ikamkalia mtu anayefuata. Hakuna pengo, hakuna onyo, safu imejaa vizuri, na fedha ya mtu inakwenda kwa jirani yake. Ndiyo maana hakopi safu nzima ila kwa shiti alizohakikisha zina mpangilio mmoja, akilinganisha namba za uanachama pande zote mbili. Mpangilio ukiwa na shaka, anaiambia Excel imtafute kila mtu kwa namba yake ya uanachama. Kwa namba, si kwa jina. Kwetu mtu anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni, jina la msikitini au kanisani, na jina ambalo kijiji kizima kinamwitia, na yote manne ni ya kweli.

Nilipokuwa napanda kurudi Newala, kwenye gari lililojaa, nilikuwa bado nawaza ule ukimya wa kisanduku. Mtu aliyekulia uwandani angelielewa jambo lile bila kompyuta. Juu kule maji ni historia ya mateso. Udongo wa mchanga unayameza, mito iko chini kabisa ya mteremko, na vizazi vya akina mama viliteremka makorongo usiku na kupanda na ndoo kichwani. Hata baada ya mabomba kuja, foleni hazikuisha. Na kwenye foleni ya maji ndoo ndiyo inayosimama. Mwenyewe amekwenda shamba, au ananyonyesha, au amelala. Ndoo yake iko tupu, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepita akasema nafasi ile haina mtu kwa sababu ndoo haina maji. Ukiisogeza, kijiji kizima kitakuuliza.

Mimi nilikuwa nimezisogeza ndoo 351.

Baada ya hapo nilidhani nimekwisha kujifunza. Lakini mwaka 2021 jambo lilelile lilikuja kwa mlango mwingine, na mara hii tiki isingenisaidia.

Mwezi Mei huwa tunapanga mgao wa salfa. Mikorosho ikianza kuchanua, ubwiriunga huingia, ule ukungu mweupe unaokausha maua, na dawa yake kubwa ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni alfajiri kabla ya upepo. Kipimo ni kama robo kilo kwa mti kwa kila mzunguko. Chama kinahitaji kujua kila mwanachama ana miti mingapi. Niliandaa shiti ya mgao iliyosoma idadi ya miti kutoka kwenye Rejista yenyewe, bila mimi kukopi chochote, nikaona nimekwepa mtego. Lakini Excel ina desturi yake: shiti moja ikiagizwa kusoma kisanduku cha shiti nyingine, na kisanduku kile kikawa kitupu, inaleta sifuri. Watu kumi na mmoja walikuwa na nafasi tupu kwenye safu ya miti. Wakaja kwenye mgao wakiwa na miti sifuri, na sifuri mara robo kilo ni kilo sifuri. Orodha ilibandikwa mlangoni.

Mmoja wao alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akituletea magunia mazuri kila mwaka, korosho kavu zinazolia mkononi kama kokoto. Hakuja kulalamika. Mjukuu wake ndiye aliyekuja. "Bibi anauliza, hizo korosho alizookota mwaka jana zilitoka kwenye mikorosho ya nani?"

Nikatoa fomu yake ya awali kwenye kabati. Kijiji cha shamba: nafasi tupu. Idadi ya miti: nafasi tupu. Nikamtafuta wakala aliyeijaza. Alikuwa mkweli. Alisema alimuuliza bibi shamba lake liko kijiji gani, bibi akamtajia jina ambalo halimo kwenye orodha ya vijiji, kwa sababu ni la mahame. Wakala hakujua aandike nini, akaruka, na kwa kuwa shamba halikuwa na kijiji hakwenda kuhesabu miti.

Hapa ndipo nafasi moja tupu inapokuwa na miaka mingi ndani yake. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa uwandani walihamishwa kutoka makao yao yaliyotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji. Nyumba zilibomolewa, mikorosho ilibaki. Mingine ikawa mbali mno kupaliliwa, msitu ukaimeza. Ongeza bei mbaya na ubwiriunga, na utaelewa kwa nini nchi iliyokusanya kiasi cha tani 145,000 za korosho mwaka 1973/74 ilishuka chini ya tani 20,000 kufikia katikati ya miaka ya 1980. Waliorudi kwenye mahame kuokota na kufyeka, mwaka baada ya mwaka, wengi walikuwa wanawake kama bibi yule. Shamba lake lilikuwapo kabla ya kijiji, na fomu ilikuwa inaanza na kijiji.

Tangu siku ile fomu zetu hazina ruhusa ya kuachwa wazi. Tuliweka alama tatu, na mawakala wanazikariri: hakuna badiliko, hakuna kabisa, hajaulizwa. Nilipigania ile ya tatu kuliko zote, maana wakala huona haya kuandika kwamba hakuuliza, na akiona haya anaacha weupe. Nimewaambia mbele ya mwenyekiti kwamba atakayeandika "hajaulizwa" hatagombezwa hata siku moja. Kwenye kompyuta visanduku vya "hajaulizwa" nimevipaka rangi ya njano, na orodha ya mgao haiendi mlangoni mpaka njano iishe.

Kwa bibi nilikwenda mwenyewe, pamoja na mjukuu. Tulitembea karibu saa moja na nusu kutoka barabarani, tukiwa na panga kwa ajili ya njia. Yeye alitangulia. Mahame utayatambua kwa miembe na kwa vigae vya vyungu vinavyotokeza mchangani mvua inaponyesha. Alianzia upande wa mashariki, akawa anagusa kila mkorosho kwa kiganja kabla hajaruhusu tuuhesabu. Huu aliupanda mjomba wake. Huu ulianguka ukachipua upya. Ule mkubwa ulikuwa mlangoni kwa mama yake, pale palikuwa jiko. Ule mwingine si wake, ni wa dada yake aliyebaki Msumbiji, asiandikiwe yeye. Kulikuwa na mmoja ambao mjukuu aliuhesabu mara mbili kwa sababu ulikuwa na mashina mawili, na bibi akamrudisha.

Ilikuwa 83. Nikaandika.

"Na jina la mahali?" akauliza. Nikamwambia nitaliandika kama atakavyolitamka yeye. Akalitamka. Kisha akalirudia polepole, silabi kwa silabi, akiangalia kalamu.